Mada: Mashine ya kukamulia maziwa, narudi boksi mwezi ujao

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Mtoto anakaribia miezi mitatu na likizo inaishia. Narudi kwenye kazi yangu ya kuhudumia wazee, shifti ya masaa 12, na nataka mtoto aendelee na maziwa yangu. Mashine zimejaa mtandaoni: za waya, za mkono, za kuvaa ndani ya sidiria. Mwenzangu mmoja anataka kunirithisha yake. Mama yuko Tanga, yeye anasema mashine ya nini, wao walikamulia kikombe na sisi tukakua. Na supavaiza kashaniambia chumba hakuna, nitumie choo cha wafanyakazi. Nisaidieni.
Mama Kichanga, Columbus

---

Hongera sana mdogo wangu. Kwanza usitoe hata senti. Geuza kadi yako ya bima, piga namba iliyo nyuma, uliza wanatoa mashine gani na kupitia duka gani la vifaa vya tiba. Kwa sheria ya afya ya 2010, bima nyingi hapa Marekani zinatakiwa kulipia mashine. Ukikimbilia kununua dukani ndipo ukadai, unaweza kuambulia patupu. Kama uko WIC, ule mpango wa serikali wa lishe kwa akina mama na watoto, waulize na wao. Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, inategemea jimbo.

Kwa shifti ndefu, chukua ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja, yenye betri. Hizo za kuvaa zinapendeza kwenye matangazo, na kweli unaweza kukunja nguo huku unakamua, lakini nyingi nguvu yake ni ndogo na ni shida kuona kama chuchu imekaa sawa. Iwe ya pili, isiwe ya kutegemea.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo wengi wanapoumia na kudhani maziwa yamekauka. Kile kikombe kinachokaa kwenye titi, faneli, kina saizi. Kwenye boksi mara nyingi utakuta ya milimita 24 na ya 28, na akina mama wengi wanahitaji ndogo kuliko hizo. Chukua rula, pima upana wa chuchu yenyewe pale shinani, usihesabu weusi unaoizunguka. Ukikamua, chuchu iende mbele na nyuma bila kukwaruza. Weusi mwingi ukivutwa ndani, faneli ni kubwa. Chuchu ikibanwa hadi ikapauka, ni ndogo. Na usipandishe nguvu ukidhani ndiyo maziwa: anza na mvuto mwepesi wa harakaharaka, yakianza kutoka badilisha uende taratibu, mvuto mrefu. Ikiuma, punguza. Robo saa hadi dakika 20 zinatosha wengi.

Kuna pia kijimpira cheupe chenye mdomo kama wa bata. Kikilegea, mashine inanguruma vilevile lakini haivuti. Maziwa yakipungua ghafla badilisha hicho kwanza, kabla hujaanza kununua chai na biskuti za kuongeza maziwa.

Ya kurithi mshukuru, usiichukue. Mashine za mtu mmoja ni za mtu mmoja. Hata ukibadilisha mipira, maziwa yanaweza kuwa yalishaingia ndani kwenye mota usikoweza kuosha. Zile za hospitali za kukodi ndizo zilizotengenezwa kwa watu wengi, kila mmoja na vikombe vyake.

Na mama yako ana haki yake. Kwa dang'a ya siku za mwanzo mkono mara nyingi unaishinda mashine. Hata sasa, ukimaliza mashine, kanda titi ukamue kwa mkono dakika moja mbili. Utashangaa kilichokuwa kimebaki.
Mama wa Watatu, Minneapolis

---

Dada, la choo lisikusumbue, likatae. Kuna sheria ya taifa ya wanaokamua maziwa kazini, inaitwa PUMP Act, ilisainiwa 29 Desemba 2022. Hadi mtoto atimize mwaka mmoja, mwajiri akupe muda kila unapohitaji kukamua, na mahali ambapo si choo, pasipoonekana na watu, pasipo mtu wa kukuingilia. Kampuni yenye wafanyakazi chini ya 50 inaweza kujitetea kwamba itaelemewa, lakini lazima ithibitishe. Muda huo si lazima ulipwe, ila ukikamua huku unafanya kazi, ni saa za kazi hizo. (Nchi hii haina likizo ya uzazi yenye malipo kwa sheria ya taifa, halafu chumba cha kukamulia wamekikumbuka. Haya.)

Usibishane koridoni. Andika imeili kwa ofisi ya rasilimali watu kabla hujarudi: saa utakazohitaji, na ofisi au chumba kinachofungwa ulichokiona kiko wazi. Masupavaiza wengi sheria hawaijui tu. Wakikaidi, kuna Wizara ya Kazi.
Dada wa Seattle

---

Mimi ndiye dobi wa chupa nyumbani kwetu, nichangie. Vifaa vioshwe kwenye beseni lake, si kwenye sinki la vyombo, halafu vikauke kwa hewa, usifute na taulo la jikoni. Maziwa mabichi: mezani masaa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25, kwenye friji siku 4, kwenye friza miezi 6 ndiyo bora, 12 mwisho. Kwenye kibegi chenye vipande vya barafu, masaa 24, kwa hiyo shifti yako inaingia humo bila wasiwasi. Yakiyeyushwa ndani ya friji, siku moja, na hayarudi kwenye friza. Aliyoyabakiza mtoto, masaa mawili tangu amalize kunywa. Maikroweivu hapana, chovya chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Mifuko igandishe ikiwa imelala, uandike tarehe. Yakinuka kama sabuni baada ya kuyeyuka, ni mafuta yanavunjika, hayajaharibika. Ila mtoto anaweza kuyakataa, basi jaribu mfuko mmoja kabla hujajaza friza.
Baba Mapacha, Houston

---

Asanteni mno. Bima wamekubali, mashine iko njiani. Rasilimali watu wamejibu: ofisi ya ratiba, inafungwa kwa ndani. Nimejipima, ni kama milimita 17. Faneli ndogo nazo bima inalipa?
Mama Kichanga

---

Baadhi zinalipia vipuri, uliza dukani hapohapo. Wakigoma, tafuta vile vipete vya silikoni vya kuingiza ndani ya faneli ya 24. Ni rahisi, na utajaribu ya 17 na ya 19 kabla hujaamua.
Mama wa Watatu