Kanisa la Mtakatifu Yohane, Valletta: masaa mawili yanatosha?

MamaKatuba: Jambo bandugu. Sisi akina mama wa parokia tutapitia Malta, tutafika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili jioni. Tukipata masaa mawili kwa kanisa hili, tuende lini na tuvae nini? Kwenye foto, nje linafanana na boma la askari. Ndilo hilo linalosifiwa?

Kampemba_2: Ndilo, mama. Girolamo Cassar aliyelijenga, likaisha 1577, alikuwa fundi wa ngome, ndiyo maana nje ni kavu. Baroki, ule mtindo wa mapambo mengi mengi, ililetwa ndani miaka ya 1660 na mchoraji Mattia Preti. Mwende Jumamosi asubuhi milango ikifunguliwa tu, maana Jumapili watalii hawapokelewi.

Jambo kubwa ni viatu. Talo nyembamba, yaani visigino vya ncha, zinakatazwa mlangoni. Sakafu yote ni makaburi ya mashevalie, wale askari watawa wa Mtakatifu Yohane wenye kanisa hili, yapata 400, yamefunikwa kwa vipande vya marumaru vya rangi vilivyopachikwa kimoja kimoja. Uzito wa mtu mzima ukikusanyika kwenye ncha ya talo, kipande kinapasuka au kinang'oka. Vaeni sandali bapa. Mabega na magoti yasionekane. Kikwembe cha ziada kwenye sakoshi kinamaliza neno hilo.

Ruashi-Juu: Naongeza: msianzie katikati. Nendeni moja kwa moja kwenye oratorio, kile kikanisa cha pembeni, kabla makundi hayajajaa. Humo mna picha ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, ya 1608, ina upana wa zaidi ya mita 5, kwa hiyo iangalieni kwanza kutoka nyuma kabisa. Halafu sogeeni mtazame damu inayotoka shingoni: jina la mchoraji limeandikwa kwa damu ileile. Ndiyo picha yake pekee yenye sahihi. Flashi, hapana.

Kisha rudini mwinue macho. Preti alipaka rangi ya mafuta juu ya jiwe lenyewe. Wale watu wa pembeni mwa dari wanaonekana kama sanamu, hata kivuli wanatupa, kumbe ni rangi tupu. Ila maua ya dhahabu ukutani si rangi wala si plasta: yamechongwa ndani ya jiwe la ukuta.

MamaKatuba: Aksanti sana. Na misa ya Jumapili?

Kampemba_2: Misa haina tiketi, mama, lakini ni ya kusali. Usitegemee kuzunguka na foto. Masaa mawili ya Jumamosi yanatosha, mradi msisome kila kaburi, yameandikwa Kilatini.