Panya wananitafunia negativi kwenye chumba cha giza, nifanyeje?

mamapicha_tanga
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimechoka. Nina chumba cha giza hapa nyumbani, zamani ilikuwa stoo, dirisha nimeliziba kwa bati na blanketi, humo ndo nasafishia mikanda na kuprinti nyeusi na nyeupe. Humo humo nimeweka maboksi ya negativi (mikanda ya picha iliyokwisha safishwa) za marehemu baba, alikuwa na studio tangu miaka ya 70. Juzi nafungua boksi moja nakuta bahasha zimechanwa chanwa zimefanywa kiota, na negativi ya harusi ya shangazi imetafunwa ukingo mzima mpaka kwenye bega la bibi harusi, nilikaa chini nikalia. Humo ndani hakuna chakula hata punje sasa wanafuata nini? Na jana niko na taa nyekundu, karatasi iko kwenye dawa, kapanya kakapita mezani pembeni kabisa ya mkono wangu wala hakakushtuka. Nafikiria kuweka sumu.

fundi_mkanda
Pole sana dada. Chakula kipo, ni hizo negativi zenyewe. Lile tabaka linaloshika picha ni jelatini, inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na karatasi za picha nazo zinayo. Kuhusu kutoshtuka, macho ya panya hayaoni vizuri mwanga mwekundu, wewe unamwona yeye anajua ni giza tupu.

Sumu nakuomba usiweke. Nyingi za dukani zinazuia damu kuganda, kwa hiyo hafi papo hapo, anakaa siku kadhaa halafu anaenda kufia darini au nyuma ya kabati, na chumba chenyewe hakina dirisha, huo uvundo utaukimbilia wapi? Na paka akimla huyo panya naye anaweza kudhurika.

kaka_zege
Dada ziba matundu kwanza, mtego baadaye. Ingia mchana kweupe, funga mlango, zima taa zote, kaa dakika kumi macho yazoee, kila unapoona mwanga unapenya weka alama kwa chaki. Kapanya kadogo kanapita tundu la upana wa penseli, kama milimita 6 hivi, kwa hiyo usidharau kitu. Shindilia stilwaya ya kusugulia sufuria halafu piga sementi juu, ukiweka tambara au sponji watatafuna usiku huo huo. Angalia sana bomba linapotokea ukutani na chini ya mlango. Mtego uwe wa kubana, uuweke ubavuni mwa ukuta maana hawapendi kukatiza katikati ya chumba, chambo dagaa wa kukaanga.

bi_kizimkazi
Naongezea la usafi maana hapa watu wanaumia. Mavi ya panya usifagie makavu, vumbi lake unalivuta. Lowesha kwa Jik, kipimo kimoja kwa maji tisa, subiri dakika tano ufute kwa karatasi ukiwa na glavu. LAKINI kabla ya hapo toa nje trei zote za dawa, hasa ile ya asidi na fiksa (dawa ya kuidumisha picha), na mlango uache wazi. Jik ikikutana na asidi inatoa hewa ya klorini, mimi nilishawahi kumwagia sinki lililokuwa na mabaki nikatoka mbio kifua kinawaka, nilikohoa siku mbili. Na Jik isiguse negativi, inakula jelatini na picha inaondoka.

mamapicha_tanga
Asanteni sana jamani. Leo nimekaa gizani kama alivyosema kaka, mwanga ulikuwa nyuma ya bomba la sinki, nimeshaziba. Mtego umenasa wawili. Negativi nimehamishia kwenye makopo ya bati ya biskuti. Ile ya shangazi nimeiprinti hivyo hivyo, bega halipo ila uso wote upo, anacheka.

fundi_mkanda
Hongera dada. Makopo sawa ila kwa joto la pwani usifunge siku ya mvua, unyevu ukibaki ndani zitaota ukungu. Tia vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila mwezi ufungue uangalie.