Gladiolasi nyekundu ya mlimani (Gladiolus watsonioides): maua yanaganda kwenye gazeti, tunguu linachipua

Mkusanyaji_Meru
Habari wakuu. Nakausha sampuli za mmea huu wa Mlima Meru kwa ajili ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), kibali ninacho. Petali zinakuwa nyeusi na kung'ang'ania gazeti. Matunguu nayo (yale mashina manene ya chini ya ardhi), wiki ya tatu sasa, bado mabichi ndani, na moja limechipua likiwa limebanwa kwenye mbao. Nakosea wapi?

Shuke_Refu
Mkuu, tunguu ni ghala la maji na chakula, kulibana hakuliui. Lipasue kwa wembe toka juu hadi chini. Likiwa dogo mno, litumbukize kwenye maji yanayochemka kama nusu dakika, majani yasiguse maji. Ila tafadhali usilimenye! Yale maganda makavu ya nje hutazamwa sana wakati wa kutambua spishi. Udongo utoe kwa mswaki mkavu.

Na usichimbe kila mmea. Tunguu moja au mawili yanatosha kwa seti nzima ya sampuli, mengine kata shina usawa wa ardhi.

Kuhusu maua: moja lilaze ubavu ili mrija wake uliopinda uonekane. La pili lipasue kwa urefu, ulikunjue, stameni (viungo vya kiume vya ua) zionekane zimeshikia wapi. Yafunike kwa tishu laini juu na chini, na tishu hiyo usiiguse mpaka ua likauke. Unabadilisha magazeti ya nje tu, asubuhi na jioni kwa siku tatu za mwanzo. Ukilibandua bichi, linachanika.

Karatasi_42x29
Naongezea. Weusi huo ni dalili kwamba ua limekaa na unyevu muda mrefu. Weka kadibodi yenye mifereji kati ya sampuli, mifereji ielekee hewa inakotoka. Joto la nyuzi 40 hadi 45 linatosha. Jiko la mkaa likisogezwa karibu linapika majani, yanakatika kama chipsi.

Mvua ikikukatalia huko juu, funga magazeti kwenye mfuko mzito wa plastiki, yaloweshe spiriti ya asilimia 70, ukaushe ukishuka. Rangi itapotea na DNA itaharibika, kwa hiyo kabla ya hapo weka kipande cha jani kwenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) na uandike rangi ya petali na ya koo la ua. Shina likunje mfano wa herufi N, urefu wake halisi uandike kwenye lebo pamoja na mwinuko na GPS.

Mkusanyaji_Meru
Shukrani sana wakuu. Homoglossum watsonioides ni mmea mwingine?

Shuke_Refu
Ni huo huo, jina la zamani. Ukienda kulinganisha kwenye hebaria ya Nairobi au Arusha, tafuta pia Antholyza watsonioides. Lebo ya kale haiondolewi wala kufutwa: jina linalotumika sasa hubandikwa kando yake kwa kikaratasi chenye tarehe na jina la aliyetambua. Nawe fanya hivyo hivyo.