Preseti za VCV Rack: tunazipangaje ili mwenzako akifungua zisikike?

fundi_waya (Goma)
Jambo wakubwa. Hapa Goma tuko saba tunaotumia VCV Rack 2, programu ya kompyuta inayoiga sinthesaiza ya moduli zinazounganishwa kwa waya; watano kwa Windows na wawili kwa Linux. Preseti zetu (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) tunaziweka katika folda moja, mtu analeta kwa flashi au anatuma kwa WhatsApp. Faili zimeshapita 200 na sasa ni fujo. Kuna mpya.vcv, mpya2.vcv na mpya_ya_kweli.vcv, kila moja ya mtu wake. Pachi (mpangilio mzima wa moduli na waya) ikifunguliwa kwa mwingine inakuja na mapengo: moduli hazipo, waya zimepotea. Na hata ikifunguka nzima, mara nyingi ni kimya tu. Mega ni za kununua, siwezi kumwambia kila mtu apakue plugini (vifurushi vya moduli) zote. Tupange kwa aina ya muziki, kwa jina la mtu, au vipi?

kivu_volti (Bukavu)
Yaya, kabla ya folda angalia aina ya faili, nusu ya fujo inatoka hapo. Rack 2 ina aina tatu. Faili ya .vcvm ni preseti ya moduli moja: inabeba vitufe vya kuzungusha vilipo na data ya ndani ya moduli hiyo, basi, waya hazimo. Ya .vcvs ni kipande, yaani moduli ulizochagua pamoja na waya zinazounganisha hizo zenyewe kwa zenyewe. Ya .vcv ni pachi nzima.

Chukua sauti ya likembe iliyotengenezwa kwa Resonator, moduli ya plugini ya Audible Instruments. Ukimtumia mtu .vcvm yake peke yake, umempa sanduku la likembe bila kidole cha kulichapa. Atafungua, asikie kimya, aseme preseti yako ni mbovu. Hapo inafaa .vcvs: kokota kisanduku kuanzia mahali patupu kizunguke sikwensa (moduli inayopanga noti), Resonator na VCA, yaani moduli ya kupandisha na kushusha sauti (au shika Shift ubofye moja moja), kisha bofya kulia juu ya mojawapo na uhifadhi uteuzi. Mwenzako ataingiza kile kipande ndani ya pachi yake bila kufunga kazi aliyokuwa nayo.

Jihadhari na waya inayotoka nje ya uteuzi: inakatwa bila onyo. Kama kipande kinangoja saa (mipigo ya kuongoza mwendo) kutoka nje, weka ndani moduli ya Notes na uandike tundu gani lipokee nini. Hiyo Notes imo ndani ya Core, plugini inayokuja na Rack, kila mwenye Rack anayo. Kitu kingine kinachokatika ni MIDI-Map, moduli inayofunga vitufe vya kibodi ya muziki na vitufe vya Rack. Inakumbuka moduli kwa namba yake, na ukiingiza kipande kila moduli inapewa namba mpya, kwa hiyo vitufe vya kibodi lazima vifungwe upya kwa mkono.

Kwa .vcvm usibuni mpango wako. Kwenye menyu ya msaada fungua folda ya mtumiaji, ingia presets, halafu jina la plugini, halafu jina la moduli. Faili ikikaa hapo inatokea yenyewe kwenye menyu ya preseti ukibofya kulia juu ya moduli. Mtego ni kwamba jina la folda ni lile la ndani, si lile lililoandikwa usoni. Resonator folda yake inaitwa Rings:

presets/AudibleInstruments/Rings/01_likembe_kavu.vcvm

Hiyo 01_ inapanga mfuatano na haionekani kwenye menyu. Ukiwa na shaka kuhusu jina, hifadhi preseti moja ya majaribio na utazame Rack yenyewe imeiweka wapi.

shaba_1v (Lubumbashi)
Nakubaliana na yaya wa Bukavu, ila niongeze kuhusu zile .vcv na .vcvs. Kupanga kwa aina ya muziki hakufai. Sauti ile ile ya besi mmoja ataiita ndombolo, mwingine tekno, na wa tatu hataiona kamwe. Panga kwa kazi: sauti, mdundo, udhibiti, athari. Folda nne tu. Jina la faili libebe mengine: kitu chenyewe, maelezo mafupi, aliyetengeneza, toleo. Mfano: besi_nzito_fw_v03.vcvs (fw ni fundi_waya). Usitumie neno "mpya" wala "mwisho". Usiweke é au ç, zinaharibika zip ikihama kutoka Windows kwenda Linux. Na herufi zote ziwe ndogo.

Sasa mapengo. Ukifungua pachi ambayo huna plugini zake, Rack inakuonya, kisha inafungua zilizobaki. Usihifadhi juu ya faili ile ile. Ukihifadhi, moduli zilizokosekana zimekwenda na waya zake, na faili ya kwanza haipo tena. Nadhani zile zenu zenye waya zilizopotea nyingi zilikufa hivyo. Faili za folda ya pamoja ziwe za kusoma tu; anayebadilisha ahifadhi kwa toleo jipya.

Ili mtu ajue mahitaji kabla ya kumaliza mega zake, toa orodha ya moduli. Faili ya .vcv ya Rack 2 ni tar (kifurushi cha faili) iliyobanwa kwa zstd, na ndani yake kuna patch.json, maandishi ya JSON yanayoorodhesha moduli. Kwenye Linux yenye programu za zstd na jq, ifungulie ndani ya folda tupu:

tar --zstd -xf pachi.vcv
jq -r '.modules[] | .plugin + " " + .model + " " + .version' patch.json | sort | uniq -c

Inatoka idadi, plugini, moduli na toleo. Bandika hayo kwenye faili ya .txt yenye jina lile lile la pachi. Faili za .vcvm na .vcvs hazihitaji kufunguliwa, ni maandishi ya JSON tayari. Pachi za Rack 1 nazo zilikuwa JSON tupu, kwa hiyo tar ikikataa faili ya zamani usishangae.

Kimya kina sababu mbili kubwa. Moduli ya Audio imehifadhi jina la kifaa cha sauti cha mwenye pachi, na wewe huna kifaa hicho: kichague upya. Ya pili ni sampuli, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa. Moduli nyingi za kucheza sampuli zinahifadhi njia ya faili tu, si sauti yenyewe. Njia inayoanza na C: haina maana kwa wale wawili wa Linux. Tuma zip yenye pachi na folda ya sampuli, na useme kwenye Notes kila moja ipakiwe wapi. WAV ya stereo, biti 16 kwa 44.1 kHz, ni karibu MB 10 kwa dakika. Kata hadi sekunde unazotumia, na kama ni ngoma moja iwe mono. Pachi yenyewe isiyo na sampuli kwa kawaida ni kilobaiti chache, hiyo haisumbui mfuko wa mtu.

fundi_waya
Aksanti sana. Swali dogo: mmoja wetu ana raki ndogo ya Eurorack, yaani moduli halisi za vyuma, si programu. Yake tuiweke vipi?

kivu_volti
Ile haina kumbukumbu, kwa hiyo preseti yake ni karatasi. Picha moja ya mbele kabla ya kuchomeka waya, vitufe vikiwa tayari mahali pake, maana waya zikishaingia hazisomeki. Halafu andika vitufe kwa saa, kila kimoja kimeelekea namba gani kama mshale kwenye uso wa saa: "filta kwenye 10, resonansi kwenye 2". Waya ziandike kutoka tundu hadi tundu. Mkitaka kuiga kwenye Rack, kimo cha noti pande zote mbili ni volti 1 kwa oktava, na kwenye Rack volti 0 ni C4, karibu Hz 261.6. Osileta (moduli inayotoa sauti) ya vyuma inaanza popote kitufe kilipo, kwa hiyo andika pia noti inayotoka ikiwa haijachomekwa kitu.

fundi_waya
Nimejaribu ile amri kwenye pachi moja. Moduli 14, na tano kati yake ni VCA na mikisa (vichanganyaji vya sauti) za plugini ambayo watu wanne hawana.

shaba_1v
Hizo tano zibadilishe kwa za Fundamental, plugini ya bure ya VCV wenyewe. VCA ni VCA. Plugini ya pekee ibaki pale inapoleta sauti ambayo nyingine haitoi. Halafu ipe v02, ile ya kwanza usiifute.