Tupeane uzoefu: Scar wa Fullmetal Alchemist alikufanya ujisikieje?

#1 (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kwa ambao hamjaiangalia: hii anime (katuni ya Kijapani) imetokana na manga (hadithi ya michoro) ya Hiromu Arakawa (2001 hadi 2010), na ninayoizungumzia hapa ni ile ya Brotherhood, episodi 64. Scar ni Muishval, yaani mtu wa Ishval. Vita kati ya watu wake na jeshi la nchi ya Amestris imekwenda miaka saba, kisha ikatoka Amri namba 3066, wanaalkemia wa serikali (watu wenye uwezo wa kubadili vitu kwa alkemia, wanaotumikia jeshi) wakaingizwa kufagia kilichobaki. Kaka yake kafa akamwachia mkono wake wa kulia, wenye michoro mpaka begani. Kwa mkono huo anawafuata wanaalkemia mmoja mmoja. Anamshika mtu kichwa, kwisha habari.

Mimi nilikuwa upande wake kabisa. Alipomuua Shou Tucker, yule baba aliyemuunganisha binti yake na mbwa, nilishangilia mpaka mama akauliza kutoka jikoni nani kafunga. Kidogo tu, akamgeukia na mtoto mwenyewe, kwa huruma eti. Nikanywea.

Haya, leteni zenu. Uchambuzi wa kukopi sitaki.

#2
Mimi ni muuguzi, kwa hiyo Scar na mimi tuliachana pale kwa madaktari Rockbell. Mume na mke, Waamestris, wamebaki Ishval kutibu majeruhi wa upande wa pili wakati wenzao wanaua. Wamemtibu na yeye. Kaamka kitandani, kaona mkono wa kaka yake uko mwilini mwake, kaona sura za Kiamestris zimemwinamia, kawaua wote wawili.

Nimewahi kukabwa shati wodini saa nane usiku na ndugu wa marehemu. Mgonjwa tulihangaika naye tangu jioni. Kifungo cha juu kiliruka kikaingia chini ya kitanda, na yule kaka macho yake hayakuwa yananiona mimi, yalikuwa yanaona sare. Walinzi walitaka kumpeleka kituoni, nikasema mwacheni akamzike mama yake. Kumwelewa nilimwelewa. Ila kesho yake nilimwomba muuguzi mfawidhi anihamishe wodi, na mtu asiniambie nilitakiwa kumpenda.

#3
Pole sana #2. Tukumbushane tu: kwenye toleo la 2003, lenye episodi 51, aliyewaua Rockbell ni Mustang, mwanaalkemia wa jeshi anayetumia moto, kwa amri ya wakubwa. Scar wa huko anautega mji mzima wa Liore na kumaliza askari kwa maelfu, naye anafia hapohapo. Kwangu toleo lile limempunja, hajapewa nafasi ya kuishi na alichokifanya.

#4
Mzee alipofariki, ndugu mmoja wa ukoo aliuza shamba letu kimyakimya. Tulikuta mnunuzi keshang'oa migomba. Nilikuwa na mpango wangu, siuandiki hapa.

Kipindi hichohicho nikafika episodi ya 54. Mustang kampata Envy, kiumbe wa kutengenezwa anayejiponya, aliyemuua rafiki yake Hughes. Anamchoma, anamwacha ajiponye, anamchoma tena. Hawkeye, msaidizi wa Mustang, kamwekea bosi wake bastola kisogoni. Na anayefungua mdomo ni nani? Scar! Anasema yeye si mtu wa kumzuia mwenzie kulipa kisasi, ila anajiuliza mtu mwenye moyo huo akishika nchi ataiongoza vipi. Angesema mwingine yeyote nisingesikiliza. Wote walionishauri nisamehe walikuwa hawajapoteza hata jembe.

Kesi iko baraza la ardhi. Salamu hatupeani.

#5
Mnamzungumzia Scar tu, Winry mmemsahau, na ndiye binti wa hao madaktari. Episodi ya 22 kaishika bastola, kamlenga muuaji wa wazazi wake, mikono inamtetemeka, kidole hakivuti. Edward, shujaa wa hadithi, anamwambia mikono yake ni ya kuleta uhai, si ya kuua.

Lakini inayonikaa mimi ni ile ya baadaye huko kaskazini, kwenye mji mtupu wa migodi. Scar kakamatwa, anavuja damu, Winry anaomba amfunge jeraha. Anamzungushia bandeji huku anamwambia hajamsamehe. Mdogo wangu akasema huo ni unafiki, kama hujasamehe mwache avuje. Mimi nikasema ndugu yangu, anamfunga kwa sababu wazazi wake wangemfunga. Tulibishana mpaka luku ikakata, tukaendelea gizani.

Bado anasema ni unafiki.

#6
Nilidhani uzi wa watu wastaarabu. Mimi niko episodi ya 9! Mleta uzi ulishindwa nini kuweka onyo pale juu?

#7 (mleta uzi)
Samahani mkuu. Kimbia sasa hivi, Bradley, mkuu wa nchi, hatujamgusa bado.