Nataka kuanza kazi ya kukata majani Goba na Salasala: ninunue mashine gani, na bei niipangeje?

Kijana wa Goba

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Nimekuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam kwa miaka minne, na mkataba wangu ulikwisha mwezi uliopita bila kuhuishwa. Nina akiba ya shilingi 1,400,000. Badala ya kuitia kwenye bodaboda, ambayo karibu kila kijana wa mtaa wetu anayo, nafikiria kuanza kazi ya kukata majani kwenye nyumba za watu kuanzia Goba na Salasala hadi Mbezi Beach, ambako nyumba nyingi zina ukuta, bustani, na mwenye nyumba anayetoka alfajiri na kurudi usiku.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Hotelini tulitumia mashine ya kusukuma, yenye magurudumu manne, nayo ndiyo niliyoizoea, lakini muuzaji mmoja wa Kariakoo ameniambia nichukue ile ya kuvaa begani. Jambo la pili ni bei: juzi nilimfyekea jirani kwa fyekeo kutwa nzima bila kupatana naye kwanza, na jioni akanipa shilingi 8,000 na sahani ya ubwabwa, nikashindwa kudai zaidi kwa sababu kosa lilikuwa langu. La tatu ni leseni na kodi, kwa kuwa sitaki kuanza kwa kujificha.

Mzoefu wa Tegeta

Marahaba, mdogo wangu. Kazi hii ninaifanya kwa mwaka wa saba sasa, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Muuzaji wako amekushauri vizuri, ingawa huenda alikuwa na sababu zake. Mashine ya kusukuma inataka uwanja uliosawazishwa kama ule wa hotelini kwenu, ilhali Goba na Salasala ni vilima na makorongo, na viwanja vingi bado vina mabaki ya ujenzi: vipande vya tofali, nondo na kokoto zilizofunikwa na nyasi. Kisu cha mashine ya kusukuma kikigonga nondo, unaweza kupinda mhimili wa injini siku hiyo hiyo. Ya begani hupita kwenye mteremko, kando ya ukuta na chini ya miembe, na ukimaliza unapanda nayo bodaboda. Anza na hiyo, kisha ya magurudumu uinunue utakapopata wateja wa Mbezi Beach wenye bustani tambarare.

Hata hivyo, mashine ya begani hurusha mawe. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nakata pembeni ya barabara ya ndani ya nyumba ya mteja, nikiwa nimevaa miwani na viatu vya mpira kama inavyotakiwa, kokoto moja ikaruka kama risasi na kupasua kioo cha nyuma cha gari lililoegeshwa hatua kumi na tano hivi kutoka nilipokuwa. Nililipa kioo hicho kwa mapato ya miezi miwili. Tangu siku hiyo siwashi injini kabla ya kuzunguka uwanja mzima na reki, na mwenye gari nikimwomba alisogeze akakataa, sehemu hiyo naimalizia kwa fyekeo.

Kuhusu bei, usipange kwa siku wala kwa kuangalia ukubwa wa geti. Pima kwa hatua eneo lenye nyasi, utaje bei mbele ya mwenye nyumba, naye akikubali mwandikie kwenye simu ili pasiwe na maneno baadaye. Lakini kazi za mara moja moja hazitakulisha. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, zitakufanya uitwe kila upande hadi ushindwe kufika, kisha kuanzia Juni nyasi husimama kukua na simu yako itanyamaza kama ya mtu aliyehama mji. Mimi niliokolewa na mapatano ya mwezi. Mteja hunilipa shilingi 40,000 kila mwezi, mwaka mzima. Wakati wa mvua naenda mara mbili, na kiangazi naenda mara moja lakini siku hiyo napogoa ua wa michongoma, napalilia maua na kufagia. Ukiwa na wateja kumi na wawili wa namna hiyo, una shilingi 480,000 kila mwezi kabla ya petroli, nauli na matengenezo.

Fundi wa Mwenge

Ninaongeza kwa upande wa injini, kwa sababu mashine nyingi zinazoletwa kwenye banda langu zimeuawa na wenyewe.

Mashine nyingi za begani ni za mipigo miwili, maana yake oili huchanganywa na petroli. Soma kitabu chake kabla ya kuchanganya: zipo zinazotaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5, na zipo nyingi za bei nafuu zinazotaka moja kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita hizo hizo. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ya maji ndiko kunakokwaruza pistoni. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie, kwani huziba kabureta.

Utakaponunua ya magurudumu, ambayo kwa kawaida ni ya mipigo minne, oili ina mahali pake na haichanganywi. Mwaga oili ya kwanza mapema, baada ya saa chache za kazi, kisha ubadilishe takriban kila baada ya saa 50. Ukitaka kusafisha chini yake, chomoa kwanza waya wa plagi, halafu uilaze upande ambao chujio la hewa linabaki juu. Wengi huilaza upande usiofaa, oili ikaingia kwenye chujio, kisha wananiambia wameuziwa mashine mbovu. Ukishanoa kisu, kining'inize kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande ukilala, ni mzito, uendelee kuunoa mpaka kikae sawa, la sivyo injini itatetemeka.

Mama wa Mbezi Juu

Mwanangu, mimi sina mashine, ila nimeshawabadilisha vijana watano wa bustani, kwa hiyo nisikilize na mimi.

Wa kwanza alinikatia nyasi hadi udongo ukaonekana, akadhani ananifurahisha kwa kuwa zitachelewa kuota. Kilichoota badala yake ni magugu. Baadaye nilielezwa kwamba haifai kuondoa zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja, na kwamba nyasi za Pemba, zenye jani pana, ziachwe ndefu kuliko ukoka. Wewe umetoka hotelini, naamini hayo unayajua. Basi yaseme unapokuja kuomba kazi, kwa sababu mwenye nyumba hutambua upesi anayezijua nyasi na anayekimbilia kumaliza. Mwingine alikata vizuri sana, lakini alipitisha uzi wa mashine ya begani, ule wa plastiki unaokata nyasi, kwenye shina la mlimau wangu mchanga, ukachubuka gome pande zote na kukauka. Wa mwisho alikuwa hodari, ila alianza kumtuma mdogo wake nisiyemfahamu, na mlinzi akamrudisha getini.

Majani yaliyokatwa usiyaache nyuma ya nyumba. Yule niliye naye sasa huyatia kwenye viroba na kumpelekea mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliye jirani, ambaye humlipa chochote. Mimi humwambia mapema kama nyasi zimepuliziwa dawa, ili zisipelekwe kwa wanyama.

Mhasibu wa Mtaani

Anza na namba ya mlipakodi, ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoa bure, kisha uende halmashauri yako kwa ajili ya leseni ya biashara. Kwa utaratibu wa makadirio, yaani kodi inayopangwa kwa kuangalia mauzo, mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi milioni 4 hayakuwa na kodi ya mapato. Sasa tazama hesabu ya Mzoefu: 480,000 kwa miezi 12 ni 5,760,000. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, aliye kati ya milioni 4 na 7 bila kumbukumbu za mauzo alilipa 100,000, lakini mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, ambayo hapa ni 52,800. Daftari la shilingi elfu mbili linaokoa karibu nusu ya kodi. Thibitisha viwango vya sasa katika ofisi ya TRA, kwa kuwa bajeti ya Juni huweza kuvibadilisha. Ukipata kazi ya kampuni, usishtuke kukatwa kodi ya asilimia 5 kwenye malipo yako, bali dai cheti cha makato hayo.

Kijana wa Goba

Nawashukuru nyote, mama, shikamoo. Leo asubuhi nimezunguka Salasala kwa miguu na kuhesabu nyumba ishirini na tatu zenye nyasi zinazoonekana getini, na walinzi wanne wamenipa namba za mabosi wao. Nimeamua kununua mashine ya begani, miwani, buti na reki, na fedha itakayobaki nitaitunza kwa ajili ya kiangazi. Nimerudi pia kwa yule jirani wa ubwabwa: amekubali 30,000 kwa mwezi, na nimemwandikia.

Mzoefu wa Tegeta

Eneo lake lina ukubwa gani?

Kijana wa Goba

Hatua 22 kwa 14, kaka, na nusu yake ni mteremko.

Mzoefu wa Tegeta

Basi bei ni ya haki. Usisahau kupita na reki kwanza.