Mrejesho: Sanamu hai imesimama, kidevu tu ndicho kilichogoma

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kuficha kingo za vipande vya silikoni vinavyobandikwa usoni kubadili sura na kuzuia rangi ya shaba isipasuke usoni mwa mtu ninayemgeuza sanamu. Niliachana na rangi ya maji, nikatumia ile inayoyeyushwa kwa spiriti, kwa tabaka nyembamba, na jasho halikuiharibu hata baada ya saa 2 za kusimama. Kingo za kofia ya upara, ile nyembamba ya plastiki inayoficha nywele, niliziyeyusha kwa asetoni kidogo kwenye kijiti cha pamba, mbali na macho, zikapotea kabisa kwenye paji. Ila kilichowadanganya watazamaji zaidi, kwa maoni yangu, ni ukijani wa kutu ya shaba niliougusa kwa sponji pembeni mwa pua na ndani ya mikunjo ya nguo.

Kipande cha kidevu kilibanduka alipomeza mate, kwa kuwa niliharakisha gundi kinyume cha mlivyonielekeza. Safari ijayo nitakikata kiishie mbali na pembe za mdomo. Kuvua kulichukua dakika 40 za kiondoa gundi na subira. Aliyenionya nisivibandue vipande kwa kuvivuta, ahsante sana.